Dedan Kimathi wa Waciuri: Shujaa wa Tetu Asiye na Kaburi

Mji wa Nyeri umejaliwa makaburi ya wageni mashuhuri. Katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro amelazwa Robert Baden-Powell, jenerali wa Kiingereza na mwasisi wa chama cha skauti, aliyefariki mjini humo tarehe 8 Januari 1941. Si mbali na hapo, huko Mathari, lipo kanisa la ukumbusho la Waitaliano. Ndani yake yamehifadhiwa mabaki ya mamia ya askari wao pamoja na ya Amedeo, Duke wa Aosta, aliyeyaongoza majeshi ya Italia katika Afrika Mashariki na kufa akiwa mateka wa Waingereza mjini Nairobi mwaka 1942. Askari wa Dola ya Kiingereza nao wana makaburi yao ya vita, yamepangwa safu kwa safu na kutunzwa vyema. Hata adui aliyeshindwa, basi, alipewa heshima ya kuzikwa na kukumbukwa kwa jina. Lakini mtu aliyezaliwa mwendo mfupi tu kutoka mji huo, katika ridhi za Tetu, na ambaye jina lake leo limebandikwa kwenye barabara, chuo kikuu na sanamu, hana kaburi linalojulikana. Mtu huyo ni Dedan Kimathi wa Waciuri.

Kimathi alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 huko Thegenge, Tetu. Baba yake, Waciuri, alikuwa amekwisha kufariki kabla mtoto hajazaliwa, na hivyo malezi yote yakamwangukia mama yake, Waibuthi, mmoja wa wake watatu wa marehemu. Jambo hili halina budi kutajwa mapema kwa sababu masimulizi mengi kuhusu Kimathi humwanzisha msituni, akiwa mtu mzima mwenye bunduki na nywele ndefu zilizosokotana, kana kwamba alichipuka kutoka ardhini pamoja na mianzi ya Nyandarua. Ukweli ni kwamba alilelewa na mjane katika nchi ambayo ardhi ilikuwa imepungua. Upande mmoja wa Tetu kulikuwa na msitu uliotwaliwa na serikali, na upande mwingine mashamba ya walowezi yaliyoenea kuelekea Mweiga na Naro Moru. Kijana wa Tetu hakuhitaji kusoma vitabu ili aelewe maana ya kunyang'anywa ardhi, kwani alikiona kisa chenyewe kila alipopeleka mbuzi malishoni.

Alianza masomo akiwa na umri wa miaka kama kumi na mitano katika shule ya Karuna-ini, kisha akaendelea katika shule ya misheni ya Kiskoti huko Tumutumu. Inasimuliwa kwamba aliokota mbegu za miti na kuiuzia idara ya misitu ili apate karo. Alisifika kwa mdahalo, kwa hati nzuri na kwa ujuzi wa Kiingereza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipata kujiandikisha katika jeshi la Mwingereza, lakini akaondolewa humo. Baada ya hapo alishika kazi hii na ile: ukarani, kulisha nguruwe katika shamba la mlowezi, na mwishowe ualimu katika shule ile ile ya Tumutumu iliyomsomesha. Hakudumu katika kazi yoyote kati ya hizo. Kilichodumu ni mazoea ya kuandika, nayo yalimfuata hadi msituni.

Mwaka 1946 alijiunga na chama cha Kenya African Union, na kufikia mwanzo wa miaka ya hamsini alikuwa katibu wa tawi lake huko Ol Kalou, ambalo lilikuwa mikononi mwa wanachama waliokwisha kuchoshwa na siasa za maombi. Alikuwa pia mmoja wa walioendesha viapo. Gavana Evelyn Baring alipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952 na kuwatia mbaroni Jomo Kenyatta na wenzake, mambo yaligeuka ghafla. Kimathi mwenyewe alikamatwa kwa muda mfupi, akatoroka kwa msaada wa polisi Waafrika, kisha akaingia katika msitu wa Nyandarua, ambao Waingereza waliuita Aberdare.

Bunge la msituni

Vita vya msituni vimeelezwa sana na hakuna haja ya kuvisimulia upya pigano kwa pigano. Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni jinsi Kimathi alivyojaribu kuwafanya watu waliotawanyika kuwa jeshi, na jeshi hilo kuwa mfano wa taifa. Mnamo Agosti 1953, katika mkutano wa Mwathe, viongozi wa vikosi mbalimbali waliunda Baraza la Ulinzi la Kenya, na Februari 1954 wakaunda Bunge la Kenya, Kimathi akiwa Waziri Mkuu wake. Inafaa kuutafakari uteuzi wa jina. Wapiganaji wengi mno walikuwa Wagikuyu, pamoja na ndugu zao wa Embu na Meru, na lugha ya kambini ilikuwa Kigikuyu. Hata hivyo, chombo walichokiunda hakikupewa jina la kabila wala la mlima, bali jina la nchi nzima, nchi ambayo mipaka yake ilichorwa na adui wao. Mwalimu huyu wa Tumutumu alikuwa ameng'amua kwamba mwenye kudai uhuru wa kilima kimoja hupewa kilima kimoja.

Aidha, Kimathi alisisitiza kuwekwa kwa kumbukumbu. Kambi zilitakiwa kuwa na madaftari ya majina ya wapiganaji, ya waliokufa na ya matukio, ili nchi itakapopata uhuru pasiwe na ubishi kuhusu nani alifanya nini. Karari Njama, aliyekuwa mwalimu kama Kimathi na baadaye katibu wake, ameyaeleza hayo kwa kirefu katika kitabu alichokiandika pamoja na Donald Barnett na kuchapishwa mwaka 1966. Mtu anaweza kucheka akimfikiria karani aliyeketi chini ya mwanzi unaodondoka maji, akiandika orodha huku ndege za kivita zikiangusha mabomu. Lakini mpango huo haukuwa mzaha. Kimathi alijua kwamba baada ya vita vya risasi vingekuja vita vya kumbukumbu, na kwamba katika vita hivyo asiye na karatasi hushindwa. Karatasi nyingi za wapiganaji zilitekwa na maafisa wa usalama, na kwa miaka mingi zikasomwa na maadui zake kabla ya kusomwa na wananchi aliowakusudia.

Mazoea hayo hayo ya kuandika ndiyo yaliyomtenga na baadhi ya wenzake. Stanley Mathenge, aliyekuwa na uzoefu wa kweli wa vita na wafuasi wengi wasiojua kusoma, hakupendezwa na cheo cha Waziri Mkuu wala na wingi wa barua. Uhasama wao uliigawanya harakati ya Nyandarua katika kambi mbili. Mathenge alitoweka mwaka 1955, na uvumi ukaenea kwamba alielekea Ethiopia kwa miguu. Kimathi naye, kadiri mbano wa jeshi ulivyozidi, alizidi kuwa mkali na mwenye shaka. Aliamuru baadhi ya watu wake mwenyewe wauawe kwa makosa ambayo katika siku za neema yangesamehewa. Wasifu unaolificha jambo hili humtendea Kimathi dhuluma, kwa maana humgeuza mtu kuwa picha ya ukutani.

Handaki la wanawake

Swali la wanawake lilimsumbua Kimathi na viongozi wenzake tangu mwanzo. Je, mwanamke aruhusiwe kuishi kambini? Wapo waliosema kwamba uwepo wake ungeleta fitina na kukiuka miiko ya vita, na wapo waliokwisha kuwachukua wanawake kambini kabla swali halijajibiwa. Sheria zikatungwa, ndoa za msituni zikaandikishwa, vyeo vikagawanywa, na vikubwa vikabaki kwa wanaume. Hata hivyo, msitu haukufuata sheria zote zilizotungwa. Muthoni wa Kirima, aliyeingia msituni kumfuata mumewe, alipanda hadi cheo cha Field Marshal, cheo kile kile cha Kimathi, naye ndiye mwanamke pekee anayetambuliwa kwa cheo hicho. Inasimuliwa kwamba Kimathi alimbandika jina la ndege mfumaji kwa sababu ya ustadi wake wa kusuka mipango. Hakutoka msituni hadi Kenya ilipopata uhuru.

Walio wengi hawakuwa msituni bali vijijini, na bila wao msitu usingekalika hata kwa mwezi mmoja. Wanawake wa Tetu, Othaya na Mathira ndio waliobeba chakula, dawa, risasi na habari. Serikali ililitambua hilo mapema. Kuanzia mwaka 1954 iliwahamisha Wagikuyu zaidi ya milioni moja kwa nguvu na kuwatia katika vijiji vilivyozungushiwa ua na mitaro yenye miti iliyochongwa, amri ya kutotoka nje ikishika kwa muda mrefu wa siku. Kisha ikawaamuru wanavijiji, ambao wengi wao walikuwa wanawake kwa kuwa wanaume walikuwa kizuizini, msituni au kaburini, wachimbe handaki refu kandokando ya msitu ili kuwatenga wapiganaji na mashamba. Walichimba kwa majembe na mikono, bila malipo, wakisimamiwa na homugadi. Mama alikuwa anachimba shimo la kumzuia mwanawe asipate chakula ambacho yeye mwenyewe, usiku uliotangulia, alijaribu kumpelekea.

Ni karibu na handaki hilo, huko Kahigaini katika Tetu, ambapo Kimathi alipatikana alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956. Kikosi chake kilikuwa kimekwisha kabisa. Alikuwa peke yake, mwenye njaa, amevaa koti la ngozi ya chui. Aliyempiga risasi hakuwa Mwingereza. Alikuwa Ndirangu Mau, askari wa akiba wa polisi wa kikabila, Mgikuyu kama yeye na mwenyeji wa eneo lile lile. Afisa Mzungu aliyeongoza msako, Ian Henderson, ndiye aliyeandika kitabu kuhusu msako huo, kilichotoka mwaka 1958, na kwa muda mrefu kitabu hicho ndicho kilichokuwa chanzo kikuu cha habari za Kimathi kwa wasomaji wa ng'ambo. Hivyo mtu aliyewahimiza wenzake waandike historia yao aliandikiwa yake na mwindaji wake.

Picha iliyopigwa siku hizo imezunguka dunia. Kimathi amelala kwenye machela, mikono imefungwa pingu, kifua wazi, nywele zimetapakaa, macho yanamtazama mpiga picha. Serikali iliichapisha kwenye vipeperushi na kuvisambaza vijijini ili watu waamini kwamba vita vimekwisha. Ilikuwa picha ya kikabaila ya mwindaji na windo lake, na ngozi ya chui ilitajwa mara kwa mara ili kumsogeza mtu huyo karibu na mnyama. Nusu karne baadaye picha hiyo hiyo ilikuwa kwenye fulana za vijana wa Nairobi. Karatasi ni ile ile, wino ni ule ule, waliobadilika ni wasomaji.

Kesi

Kesi ilisikilizwa Nyeri mwezi Novemba 1956 mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, akiwa na wazee wa baraza watatu, wote Waafrika. Kimathi hakushtakiwa kwa uasi wala kwa mauaji. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi sita, kosa lililokuwa na adhabu ya kifo chini ya kanuni za Hali ya Hatari. Uamuzi huo wa mashtaka ulikuwa na busara yake ya kikatili, kwa kuwa kesi ya uasi ingelazimu mahakama isikilize sababu za uasi, ilhali kesi ya bastola haina historia. Katika utetezi wake Kimathi alidai kwamba alikuwa akitoka msituni ili ajisalimishe. Wapenzi wake wengi hawapendi kulikumbuka dai hilo, kwa maana shujaa wa sanamu hajisalimishi. Lakini mtu aliyeumia paja, aliyepoteza jeshi lake, na anayepigania roho yake kwa hoja za kisheria katika mahakama ya adui, hana deni la ushujaa wa ziada kwa mtu yeyote. Wazee wa baraza walimwona ana hatia. Jaji alimhukumu kifo tarehe 27 Novemba. Rufaa zake zilitupwa, na alfajiri ya tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti na kuzikwa humo humo, pasipo alama. Alikuwa mmoja wa watu 1,090 walionyongwa kwa makosa yanayohusiana na Mau Mau.

Nambari nyingine husaidia kuipima nambari hiyo. Raia Wazungu waliouawa na Mau Mau katika miaka yote ya vita walikuwa 32. Raia Waafrika waliouawa na Mau Mau walifikia karibu 1,800, na wapiganaji waliouawa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walizidi 11,000. Vita vilivyoelezwa ulimwenguni kuwa vya weusi dhidi ya weupe vilipiganwa, kwa sehemu kubwa, ndani ya nyua za Wagikuyu wenyewe. Rangi ndiyo iliyovianzisha, kwani ardhi iligawanywa kwa rangi, mishahara ikagawanywa kwa rangi, na hata huruma ya magazeti ya London ikagawanywa kwa rangi. Lakini uamuzi wa nani afe ulipitishwa mara nyingi kati ya jirani na jirani. Huo ndio mwiba uliobaki mguuni mwa Kenya huru.

Ukimya

Mwaka 1963 bendera ilipandishwa. Barabara ya Hardinge jijini Nairobi ikageuzwa kuwa Barabara ya Kimathi, na sanamu ya mlowezi mashuhuri Delamere ikaondolewa mahali pake. Mengi zaidi hayakufanyika. Siasa ya Kenyatta ilikuwa kusamehe na kusahau, na ukweli ni kwamba alikuwa na sababu nzito: nchi ilikuwa na watoto wa wapiganaji na watoto wa homugadi katika madawati yale yale, na hao wa pili ndio waliokuwa wamesoma zaidi na kupata mashamba zaidi. Musa Mwariama alitoka katika msitu wa Mlima Kenya na kupokelewa na Kenyatta, lakini mwenzake Baimungi, aliyerudi msituni akidai ardhi, aliuawa na majeshi ya serikali huru mwaka 1965. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliyowekwa na Waingereza haikuondolewa. Kwa miaka arobaini baada ya uhuru, harakati iliyotajwa katika hotuba za sikukuu ilibaki, kisheria, chama haramu. Mjini Nyeri palijengwa mnara wa ukumbusho, lakini maandishi yake yanawataja waliokufa kama watu wa kabila la Wagikuyu. Bunge la msituni lilijiita la Kenya, mnara wa mjini ukawarudisha wafu wake katika kabila.

Ni fasihi iliyouvunja ukimya. Tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo kuhusu kesi ya Kimathi ilichapishwa na kuigizwa mwaka 1976, na wanafunzi wa Kiswahili wanaifahamu zaidi kwa tafsiri yake, *Mzalendo Kimathi*. Waandishi hawakujifunga na kumbukumbu za mahakama, ambazo hata hivyo zilikuwa hazipatikani na zilikuja kuchapishwa mwaka 2017 tu. Walimweka katikati ya tamthilia mhusika asiye na jina zaidi ya Mwanamke, anayesafirisha bunduki ndani ya mkate ili kumwokoa Kimathi. Uteuzi huo ulilipa deni ambalo serikali haikuwa imelitambua. Mtu anaweza kulalamika kwamba Mwanamke huyo ni mkamilifu mno, na kwamba kumnyima jina ni kumnyima maisha, na malalamiko hayo yana uzito. Lakini wakati huo hakuna mnara wala hotuba iliyomfikiria hata hivyo. Mwishoni mwa mwaka 1977, baada ya tamthilia nyingine ya Kigikuyu kuwakera wakubwa, Ngugi alitiwa kizuizini bila kesi. Gereza alilopelekwa lilikuwa Kamiti.

Kiswahili chenyewe kilihusika katika vita hivi vya majina. Neno Mau Mau, ambalo asili yake haijulikani kwa yakini, lilifumbuliwa herufi kwa herufi kwa Kiswahili kuwa amri ya kumtaka Mzungu aende Ulaya ili Mwafrika apate uhuru. Ufumbuzi huo ulitungwa baada ya jina kuwapo, na kwa mwanaisimu hauna thamani ya etimolojia. Thamani yake iko kwingine: watu waliopigana kwa Kigikuyu walipotaka kulieleza kusudi lao kwa Wakenya wote walilieleza kwa Kiswahili. Vivyo hivyo neno gaidi lilipisha mpigania uhuru, na mpigania uhuru akapisha shujaa, hadi Katiba ya 2010 ilipoigeuza Siku ya Kenyatta, tarehe 20 Oktoba, kuwa Siku ya Mashujaa. Umoja ukawa wingi, na hilo si badiliko la sarufi pekee.

Sanamu na mjane

Nelson Mandela alipozuru Kenya mwaka 1990, miezi michache baada ya kutoka kifungoni, alimtaja Kimathi hadharani kuwa mmoja wa waliompa moyo, na wenyeji wake wakaona haya. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, chini ya Rais Mwai Kibaki. Mwaka huo huo serikali ilimleta kwa shangwe mkulima mmoja kutoka Ethiopia akidhaniwa kuwa Stanley Mathenge, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba sivyo. Taifa lililokaa kimya kwa miaka arobaini lilikuwa limeanza kukumbuka kwa pupa.

Tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake, Kibaki aliizindua sanamu ya shaba ya Kimathi jijini Nairobi, kazi ya msanii Kevin Oduor. Kimathi anasimama wima katika mavazi ya vita, bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili, nywele zake za msituni zikiwa kamili. Mtu wa machela amesimamishwa. Sanamu iko kwenye makutano ya Barabara ya Kimathi na Barabara ya Mama Ngina, na hapo ndipo penye kitendawili. Barabara moja ina jina la mtu aliyenyongwa, ya pili ina jina la mke wa rais. Mke wa aliyenyongwa hana barabara pale. Waliokuwepo walijiuliza pia kama rais mzaliwa wa Othaya alikuwa akimpa heshima Mkenya au Mgikuyu mwenzake, na swali hilo halikuwa la chuki tu, kwani kabla mwaka haujaisha nchi ilitumbukia katika ghasia za uchaguzi ambamo kabila lilikuwa hukumu. Mbunge wa Tetu siku hiyo ya sanamu alikuwa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, naye mtoto wa ridhi zile zile.

Mwelekeo mwingine wa ukumbusho ulikuja kwa njia ya mahakama. Mwaka 2009 wazee watano waliishtaki serikali ya Uingereza jijini London kwa mateso waliyotendwa vizuizini. Miongoni mwao walikuwamo Wakamba Ndiku Mutua na Paulo Nzili, na pia Jane Muthoni Mara, aliyeeleza mahakamani udhalilishaji wa kingono aliofanyiwa akiwa msichana. Kwa ushahidi huo, mambo mawili yaliyofichwa na sanamu yalitoka hadharani kwa pamoja: kwamba vita havikuwa vya Wagikuyu peke yao, na kwamba mwili wa mwanamke ulikuwa uwanja wa vita. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa waathiriwa 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Ilichangia pia mnara uliozinduliwa katika bustani ya Uhuru tarehe 12 Septemba 2015. Mnara huo unamwonyesha mwanamke akimkabidhi mpiganaji chakula, kila mmoja akiwa ameangalia kwingine, ili akikamatwa asiweze kumtambua mwenzake. Huenda ndiyo sanamu ya kweli zaidi kuhusu vita hivi, nayo imegharamiwa na waliovishinda.

Mukami Kimathi, mjane, aliishi kuyaona hayo yote. Wakati wa vita alifungwa, tena katika gereza lile lile la Kamiti. Baada ya uhuru aliwalea watoto bila mali ya kujivunia, na kila serikali ilipoingia madarakani alipeleka ombi moja: aonyeshwe mifupa ya mumewe ili aizike. Aliahidiwa mara nyingi. Kamati ziliundwa, wazee waliowahi kuhudumu gerezani wakaulizwa, na Oktoba 2019 ilitangazwa kwamba kaburi limepatikana, lakini serikali ikakanusha. Wakati huo chuo cha ufundi cha Kimathi huko Nyeri, kilichoanzishwa kwa michango ya wananchi mwaka 1972, kilikuwa kimekwisha kuwa chuo kikuu kamili tangu 2012. Shujaa alikuwa na wahitimu kabla ya kuwa na kaburi.

Muthoni wa Kirima naye alizihifadhi nywele zake za msituni kwa karibu miaka 70. Alikuwa amesema kwa vitendo kwamba hazingekatwa mpaka ahadi za uhuru zionekane. Tarehe 2 Aprili 2022, nyumbani kwake Nyeri, alizitoa zikatwe, na aliyezikata ni Mama Ngina Kenyatta. Wapo walioona hapo upatanisho, na wapo walioona jambo lingine, kwa kuwa nywele za maskini zilikuwa zikiangukia mkono wa mwenye mashamba. Muthoni alifariki tarehe 4 Septemba 2023.

Mukami alimtangulia kwa miezi minne. Alifariki tarehe 4 Mei 2023 na kuzikwa tarehe 13 Mei huko Njabini, Nyandarua, mbele ya Rais William Ruto na umati mkubwa, kwa heshima ambazo mumewe hakuzipata. Kaburi lake liko kwenye ubavu wa pili wa milima ile ile ya Nyandarua ambayo Kimathi aliikimbilia kutoka Tetu. Mwili wa Kimathi ungali Kamiti, ndani ya ukuta wa gereza.